Zebaki katika Samaki wa Baharini: Nani Hufaidi, Nani Hudhurika?



Ilipotangazwa kwamba mada ya leo ni samaki, wapo waliouliza Tume ya Haki na Amani inahusika vipi na kitoweo. Wametuzoea tukizungumza juu ya mashamba yaliyonyang'anywa, mahabusu wanaocheleweshewa kesi, na watumishi wa nyumbani wasiolipwa mshahara. Samaki, walisema, ni jambo la sokoni na jikoni. Sisi twaona kwamba ni swali zuri, na badala ya kulijibu kwa maneno makubwa tumechagua kuwasimulia habari ya mji mmoja, kisha tutarudi kwenye meza zetu wenyewe.

Mji huo ni Minamata, ulio katika mkoa wa Kumamoto, kwenye kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Mbele yake iko Bahari ya Shiranui, bahari tulivu iliyokingwa na visiwa, na watu wa vijiji vya ukingoni waliishi kwa kuvua. Walikula samaki asubuhi, mchana na jioni, kama wanavyokula watu wa Mafia au wa Pemba. Mwaka 1908 kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Chisso ilianzisha kiwanda mjini hapo, na tangu mwaka 1932 kiwanda hicho kikawa kinatengeneza asetaldehaidi, kemikali iliyohitajika katika utengenezaji wa plastiki na bidhaa nyingine nyingi. Kazi hiyo ilitumia zebaki, ile madini ya majimaji yenye rangi ya fedha ambayo wengi wetu tuliijua kwanza ndani ya kipimajoto. Zebaki ilichochea mabadiliko ya kemikali mtamboni, na sehemu yake ikageuka humo humo kuwa zebaki ya aina nyingine iliyo hatari zaidi, iitwayo methilizebaki. Maji machafu ya mtambo yalitiririshwa baharini.

Walioonyesha dalili za kwanza walikuwa paka. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wavuvi waliona paka wao wakiyumba kama walevi, wakizunguka pasipo kukoma, wengine wakitumbukia baharini na kufa. Kunguru walianguka kutoka angani. Samaki walielea juu ya maji. Watu walistaajabu, lakini mvuvi hana kitoweo kingine, wakaendelea kula.

Tarehe 1 Mei 1956 Dk. Hosokawa Hajime, mkuu wa hospitali ya kiwanda hicho hicho, alitoa taarifa kwa ofisi ya afya ya mji kwamba umezuka ugonjwa usiojulikana wa mishipa ya fahamu. Wagonjwa waliosababisha taarifa hiyo walikuwa watoto wadogo: hawakuweza kutembea vema, wala kusema, na miili yao ilishikwa na degedege. Kufikia Oktoba mwaka huo walikwisha kupatikana wagonjwa 40, na 14 kati yao walikuwa wamefariki. Mikono ilikufa ganzi, macho yakaona kama kwa kuchungulia ndani ya bomba, masikio yakaziba, ulimi ukawa mzito. Majirani waliogopa kuambukizwa. Familia zenye wagonjwa zilitengwa, na kwa kuwa waliougua walikuwa zaidi wavuvi maskini, wako waliosema ni ugonjwa wa uchafu na umaskini.

Hapa ndipo tunapowaomba mtege sikio, maana sehemu ya kusikitisha zaidi katika habari hii ni ile ya mambo yaliyofanywa na watu waliokuwa na akili timamu. Mwaka 1957 wakuu wa mkoa waliuliza wizara ya afya kama wangeweza kutumia sheria ya usafi wa chakula kupiga marufuku samaki wa ghuba ile. Wizara ilijibu kwamba hapakuwa na uthibitisho wa wazi kuwa samaki na kombe wote wa ghuba walikuwa na sumu, na kwa hiyo sheria isingeweza kutumika. Tuyatafakari maneno hayo. Ili kumlinda mlaji ilitakiwa kwanza ithibitishwe kwamba kila samaki ana sumu, hali kiwanda hakikutakiwa kuthibitisha kwamba tone hata moja la maji yake ni salama.

Mwaka 1958 kiwanda kilihamisha njia ya maji machafu, yasiingie tena ghubani bali kwenye mdomo wa mto Minamata. Matokeo yake sumu ikaenea katika bahari pana, na wagonjwa wakatokea vijiji vya mbali. Julai 1959 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitangaza kwamba chanzo ni zebaki ya aina ya kikaboni. Walipochunguza matope karibu na mfereji wa kiwanda, walikuta zebaki nyingi kiasi cha kilo 2 kwa kila tani ya matope, wingi ambao mtu angeweza kuuchimba kama mgodi. Nywele za wakazi nazo zilipimwa: penye sehemu 4 hivi kwa kila milioni kwa watu wa nje ya eneo lile, kwa mgonjwa mmoja zilionekana sehemu 705.

Dk. Hosokawa naye hakukaa bure. Alikuwa akiwalisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya mtambo wa asetaldehaidi. Oktoba 1959 paka aliyeandikwa kwa namba 400 alianza kuyumba na kutetemeka kama wale wa vijijini. Kampuni ikajua. Majaribio yakasimamishwa na matokeo yakafichwa. Daktari huyo alikuja kutoa ushahidi mwaka 1970, akiwa mgonjwa kitandani, miezi michache kabla ya kufariki kwake.

Mwishoni mwa Desemba 1959, wakati kampuni ikilijua jambo la paka yule, wagonjwa walitiliana nayo mkataba. Kampuni iliahidi kutoa pesa iliyoitwa ya pole, wala si fidia: yeni 100,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mtu mzima, yeni 30,000 kwa mtoto. Na ndani ya mkataba kiliwekwa kifungu kisemacho kwamba hata ikija kuthibitika baadaye kuwa kiwanda ndicho chanzo cha ugonjwa, wagonjwa hawatadai zaidi. Walitia sahihi, kwa sababu walikuwa na njaa na mwaka ulikuwa unakwisha. Wengi mliopo hapa mmepata kuona karatasi za namna hiyo, zikiletwa na mtu mwenye haraka, kwa mtu asiye na wakili.

Haitoshi kusema kwamba wenye kiwanda walikuwa wabaya. Mji wenyewe ulikitegemea kiwanda. Mwaka 1961 zaidi ya nusu ya kodi ya mji ilitoka kwa kampuni na wafanyakazi wake. Mwenye duka, mwalimu, diwani, fundi, wote walijua kwamba kiwanda kikifungwa watakosa riziki. Basi mvuvi aliyelalamika alionekana adui wa maendeleo, na jirani yake aliyefanya kazi kiwandani ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtupia jicho baya. Twasema hivi kwa sababu katika nchi zetu nako neno maendeleo limewanyamazisha watu wengi, mara nyingi zaidi kuliko bunduki.

Kiwanda kiliendelea kutumia mtambo ule hadi Mei 1968. Serikali ya Japani ilitamka rasmi kwamba zebaki ya kiwanda ndiyo chanzo cha ugonjwa mnamo tarehe 26 Septemba 1968, miezi minne baada ya mtambo kuzimwa, na miaka tisa baada ya wataalamu kusema. Katikati ya muda huo, mwaka 1965, ugonjwa ule ule ulizuka mkoani Niigata, kwenye mto Agano, kwa sababu ya kiwanda cha kampuni nyingine, Showa Denko. Watu wa Niigata wasingeugua kama ya Minamata yangetangazwa kwa wakati.

Baadaye zilifuata kesi. Machi 1973 mahakama ya Kumamoto iliitia hatiani kampuni na kuutupilia mbali mkataba wa 1959. Mwaka 2004 Mahakama Kuu Kabisa ya Japani iliamua kwamba serikali na mkoa nao walikuwa na hatia kwa kutochukua hatua tangu mwisho wa mwaka 1959. Hadi Machi 2001 walikuwa wametambuliwa rasmi wagonjwa 2,265, na 1,784 kati yao walikwisha kufariki. Maelfu wengine walipewa malipo bila kutambuliwa kuwa wagonjwa. Septemba 2023 mahakama ya Osaka iliwapa haki walalamikaji 128 waliokuwa wameachwa nje. Na tarehe 1 Mei 2024, siku ya kumbukumbu, wagonjwa na ndugu zao walipokutana na waziri wa mazingira, kila msemaji alipewa dakika 3. Wengine walipozidisha, maofisa walizima kipaza sauti. Mmoja alikuwa akisimulia kifo cha mkewe. Waziri alikwenda kuomba radhi wiki moja baadaye. Kutoka 1956 hadi 2024 ni miaka 68.

Sumu hupitaje baharini hadi mezani

Mtu aweza kusema: hayo ni ya Japani, kiwanda kilimwaga sumu ghubani, na huku kwetu hakuna kiwanda cha namna hiyo. Ni kweli, na tusitiane hofu bure: samaki wa pwani yetu hawana sumu kama ya Minamata. Lakini zebaki ina tabia mbili ambazo zafaa zieleweke.

Ya kwanza ni kwamba inasafiri. Ikichomwa hugeuka mvuke, na mvuke huo waweza kukaa hewani miezi mingi, hata kukaribia mwaka, ukizunguka dunia kabla ya kushuka na mvua. Kwa hesabu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, mwaka 2015 shughuli za wanadamu zilirusha hewani tani zipatazo 2,220 za zebaki. Kiasi cha asilimia 38 kilitoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, na asilimia 21 kutokana na kuchoma makaa ya mawe. Zebaki nyingine hutoka katika volkano, na hiyo haina wa kulaumiwa. Ila wingi wa zebaki hewani leo umekuwa mara kadhaa ya ule wa asili.

Tabia ya pili ni kwamba inapanda ngazi. Zebaki ikishafika majini, bakteria waishio penye matope na penye upungufu wa hewa huigeuza kuwa methilizebaki. Hiyo huingia katika vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Vijimea huliwa na vijidudu, vijidudu huliwa na dagaa, dagaa huliwa na vibua, vibua huliwa na nguru na jodari, na hao huliwa na papa na nduaro. Kila anayekula huhifadhi mwilini mwake sumu ya wote aliowala, maana inatoka polepole kuliko inavyoingia. Samaki mkubwa aliyeishi miaka mingi aweza kuwa na methilizebaki mara milioni na zaidi kuliko maji anamoogelea. Maji yakipimwa yataonekana safi, na mtu aliyeyapima atakwenda nyumbani akiwa na dhamiri nyeupe.

Methilizebaki haikai katika mafuta wala ngozi ya samaki. Imeshikamana na nyama yenyewe. Kwa hiyo kuparua magamba, kutoa matumbo, kuosha kwa ndimu, kuchemsha, kukaanga au kubanika hakuipunguzi. Kukausha ndiko kwenye udanganyifu zaidi, kwa sababu maji huondoka na sumu hubaki, na kilo moja ya ng'onda wa papa hubeba zebaki nyingi kuliko kilo moja ya papa mbichi. Jicho haliioni, ulimi hauionji, wala haina harufu. Mama aliyenunua samaki kwa kubonyeza nyama na kukagua macho na mashavu amefanya yote aliyofundishwa, na bado hawezi kuijua.

Samaki gani, na kwa kiasi gani

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na la Chakula walikadiria mwaka 2003 kwamba mtu asizidishe mikrogramu 1.6 za methilizebaki kwa juma kwa kila kilo ya uzito wake. Kipimo hicho kiliwekwa kwa kumfikiria mtoto aliye tumboni. Mikrogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni. Mwanamke mwenye uzito wa kilo 60 basi asivuke mikrogramu 96 kwa juma.

Tuchukue sasa vipimo vilivyokusanywa na idara ya chakula na dawa ya Marekani. Si vipimo vya soko la Feri, lakini mpangilio wa samaki, nani ana nyingi na nani ana kidogo, haubadiliki sana kutoka bahari moja hadi nyingine, kwa kuwa unatokana na samaki anakula nini na anaishi muda gani. Papa, na yule samaki mwenye pua kama upanga, wana wastani wa mikrogramu 1 hivi katika kila gramu ya nyama. Mama yetu wa kilo 60 akila gramu 96, kipande kidogo kuliko kiganja, juma lake limekwisha. Jodari wa mapezi ya njano ana theluthi moja ya hiyo, kwa hiyo aweza kula robo kilo na kidogo zaidi. Jodari mdogo, ambaye ndiye huwekwa sana katika mikebe, ana saba moja, na mama huyo aweza kula zaidi ya nusu kilo. Samaki wadogo wa jamii ya dagaa wana kiasi kidogo mno hata ingembidi ale kilo 7 kwa juma kabla ya kukifikia kipimo. Hakuna mtu wa kula hivyo. Kamba nao ni hivyo hivyo.

Ndiyo maana Marekani imewashauri wanawake wajawazito na wanyonyeshao, tangu mwaka 2001, wasile papa wala huyo mwenye upanga, wala aina ya nguru mkubwa wa bahari zao. Ushauri huo umechapishwa na kubandikwa huko kliniki. Huku kwetu papa mkavu ni chakula cha mtu wa kipato cha chini; hakihitaji barafu, kinasafiri hadi bara kwa basi, na kipande kidogo hutosha sufuria ya mchuzi. Mwenye friji hununua changu mbichi. Hatusemi papa akatazwe. Twasema mjamzito anayo haki ya kuambiwa.

Na hapa tunaomba msitoke ukumbini mkisema kwamba Tume imekataza samaki. Mtoto tumboni anahitaji mafuta ya samaki kwa ajili ya ubongo wake, na nyumba nyingi hazina nyama nyingine. Kuna habari ya jirani zetu wa Shelisheli katika bahari hii hii ya Hindi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu waliwafuatilia kina mama na watoto mia saba na zaidi visiwani humo, kwa sababu kina mama hao walikula samaki karibu mara 12 kwa juma. Watoto walipimwa akili na mwili miaka mingi mfululizo, na wataalamu hawakuona madhara yatokanayo na zebaki ya samaki hao. Katika Visiwa vya Faroe, kaskazini ya Ulaya, watoto zaidi ya 900 waliozaliwa 1986 na 1987 walipimwa walipofikia miaka 7, na wale ambao mama zao walikuwa na zebaki nyingi walionekana wamepungukiwa kidogo katika kumbukumbu, usikivu na lugha. Tofauti moja ni kwamba watu wa Faroe hula nyama ya nyangumi mdogo, mnyama aliye juu kabisa ya ngazi ile tuliyoitaja, wakati wa Shelisheli walikula samaki wa kawaida wa aina nyingi. Kwa hiyo neno la kumwambia mama ni kwamba aendelee kula samaki, ila achague wadogo: dagaa, vibua, tasi, changu, pono, na papa, nduaro na jodari wakubwa awaache mpaka atakapokwisha kunyonyesha. Mwili huipunguza nusu ya zebaki yake kwa siku 50 hivi, hivyo yafaa aanze miezi kadhaa kabla ya mimba, kama mimba imepangwa.

Kwa nini mtoto tumboni? Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu. Minamata ndiko imani hiyo ilikovunjika. Walizaliwa watoto wenye viungo vilivyopinda, wasioweza kukaa wala kusema, ambao hawakupata kula samaki hata mmoja, na mama zao walionekana wazima. Dk. Harada Masazumi aliwasikiliza mama hao, waliomwambia kwamba ugonjwa wa watoto ni ule ule, akawachunguza watoto, na mwishoni mwa mwaka 1962 watoto 16 walitambuliwa kuwa walipata sumu wakiwa tumboni. Kondo lilikuwa limeivuta sumu kutoka kwa mama na kumpa mtoto. Watu wa Japani wana desturi ya kuhifadhi kitovu cha mtoto kilichokauka ndani ya kisanduku. Miaka mingi baadaye vitovu hivyo vilipimwa, na zebaki ilikuwamo bado. Kina mama wa kijiji walikuwa wamelijua jambo hilo kabla ya maprofesa.

Dhahabu yetu

Tumesema sehemu kubwa ya zebaki hewani hutoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Hao si watu wa mbali. Wako Geita, wako Chunya, wako kaunti ya Migori nchini Kenya, wako mashariki mwa Kongo. Mchanga uliosagwa huchanganywa na zebaki, zebaki huishika dhahabu, na donge lililopatikana huchomwa juu ya moto ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Mara nyingi huchomwa nyuma ya nyumba, hata juu ya jiko la mkaa lile lile la kupikia, na anayechoma huwa mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Mvuke huo huingia mapafuni, unaobaki hupanda juu, na siku moja hushuka baharini.

Je, mchimbaji huyo ndiye mkosaji? Yeye anauza dhahabu kwa bei ya mnunuzi aliyemkopesha zebaki. Hajaelezwa, na njia nyingine hajaonyeshwa. Chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachoukusanya mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, chaweza kutengenezwa na fundi wa kawaida, tena humpunguzia gharama kwa kuwa zebaki hutumika tena. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kumwonyesha. Na mvuvi wa Kilwa ambaye nyumba yake haina umeme hajafaidika na makaa ya mawe yaliyochomwa China, Ulaya au Marekani, lakini bahari yake imepokea sehemu ya moshi.

Mataifa yalipatana Oktoba 2013 juu ya mkataba wa zebaki, na waliutia sahihi mjini Kumamoto, ukaitwa Mkataba wa Minamata kwa heshima ya waathirika. Ulianza kufanya kazi tarehe 16 Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Hauruhusu kufunguliwa migodi mipya ya zebaki. Nchi yenye wachimbaji wadogo wengi yapaswa kuwa na mpango wa taifa wenye hatua za kukomesha, miongoni mwa mambo mengine, uchomaji wa donge mahali pa wazi na uchomaji ndani ya makazi ya watu. Mkataba umepiga vita pia krimu na sabuni za kujichubua zenye zebaki, ambazo zingali zinapenyezwa madukani. Hilo tungeweza kulitolea mada nyingine. Mkataba wa serikali hausomwi machimboni wala kwenye diko la samaki mpaka mtu aupeleke huko, kwa lugha inayoeleweka.

Twapendekeza vikundi vijadili maswali haya, na majibu yaandikwe na kuletwa kwa katibu wa Tume:

Katika kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu nanyi, mjamzito huambiwa nini kuhusu samaki wa kula? Nani atakwenda kumwuliza muuguzi mkuu, na lini?

Papa mkavu anayeuzwa sokoni kwenu huliwa zaidi na akina nani? Ni kitoweo gani kingine cha bei hiyo hiyo kinachopatikana?

Ikiwa katika parokia yenu wapo wanaochoma donge la dhahabu, wanalichomea wapi, na watoto huwa wapi saa hiyo?

Mmepata kuona mkataba, wa ardhi, wa kazi au wa fidia, wenye kifungu cha kumzuia mtu asidai tena baadaye? Nani aliuleta, na nani aliusoma kabla ya kutia sahihi?